Matone ya kliniki, sindano au matone mapya: ipi inakizuia kirusi cha polio kuazima vipande?

Kadi ya kliniki ya mtoto wa miezi minne hapa Tanzania kwa kawaida inaonyesha matone ya polio alipozaliwa, matone tena akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na sindano ya polio katika wiki hiyohiyo ya 14. Halafu siku moja inapita kampeni. Wachanjaji wawili wanabisha hodi, mmoja kaning'iniza kiboksi cha baridi begani, mwingine kashika daftari, wanaomba kumpa mtoto matone mengine. Mzazi anauliza swali la haki kabisa: mtoto kamaliza chanjo zake, haya ya nini tena?

Mwaka 2023 nilikuwa mmoja wa hao wawili, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Bibi mmoja alimfunika mjukuu wake kwa kanga na kuniambia, "Mwanangu, huyu kachomwa sindano juzi tu. Au ile haikuwa chanjo?"

"Ilikuwa chanjo, bibi. Ila haya siyo yale."

"Basi nieleze tofauti, ndipo nikufunulie."

Alikuwa na haki ya kudai. Pale mlangoni nilimweleza kwa maneno machache, maana nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi na barafu ilikuwa inayeyuka. Haya ndiyo maelezo marefu ambayo sikuwa na muda wa kumpa. Yanaanzia kwenye tabia ya kirusi chenyewe, kwa sababu bila kuielewa tabia hiyo chanjo zote tatu zitaonekana kama kitu kimoja kilichofungwa kwenye vichupa tofauti.

Kirusi kinachounga uzi

Kirusi cha polio ni uzi mmoja wa RNA, yaani maandishi yake ya urithi, wenye herufi karibu 7,500, ndani ya ganda la protini. Sehemu ya mbele ya uzi huo haitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuilazimisha seli ianze kuusoma. Inayofuata ndiyo inayotengeneza ganda, na ganda ndilo ambalo kinga ya mwili inalitambua. Sehemu ya nyuma inatengeneza vifaa vya kazi, kikiwemo kimeng'enya cha kunakili uzi, yaani polimerasi.

Polimerasi inanakili upesi, inakosea mara kwa mara, na hakuna wa kuisahihisha. Hilo wengi wanalijua kwa kusikia kwamba virusi hubadilika. Lisilosemwa sana ni njia ya pili ya kubadilika, nayo ndiyo kiini cha ulinganisho huu.

Chukua mtu anayenakili utenzi, mbele yake zimefunguliwa daftari mbili. Utenzi ni uleule, ila daftari moja limepishana na jingine maneno hapa na pale. Akiwa katikati ya ubeti wa arobaini anainua macho kuchovya kalamu. Macho yakirudi yanaangukia ubeti uleule, katika daftari la pili. Anaendelea mpaka mwisho. Nakala yake haina pengo wala kiraka kinachoonekana, lakini mwanzo wake ni wa daftari moja na mwisho wake ni wa jingine. Ndivyo polimerasi inavyofanya virusi viwili vya jamii moja vinapoingia katika seli moja ya utumbo. Inauachia uzi wa kwanza kazi ikiwa katikati, inaondoka na nakala iliyokwisha kuianza, inadaka uzi wa pili mahali panapofanana, kisha inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mtafiti Nada Ledinko alionyesha mwaka 1963 kwamba virusi vya polio vinaungana. Mwaka 1986 Karla Kirkegaard na David Baltimore wakaonyesha kwamba kuungana huko kunatokea wakati wa kunakili.

Kwa kirusi huu ni wokovu. Kiumbe kinachokosea kila kinaponakiliwa kingekuja kuzama katika makosa yake chenyewe. Kuunga uzi kunakiwezesha kuacha kipande kilichoharibika na kuchukua kizima, hata kama kizima hicho ni cha jirani.

Tabia hii isichanganywe na ile ya virusi vya mafua. Kirusi cha mafua ya kundi A hakina uzi mmoja, kina nyuzi nane. Virusi viwili vikikutana katika seli moja, kila kirusi kipya kinaweza kuchukua nyuzi nzima kutoka kwa huyu na nyingine kutoka kwa yule, mipangilio 256 kwa jumla. Hivyo ndivyo kirusi cha janga la mafua la 1957 kilivyopata nyuzi tatu kutoka kwa virusi vya ndege, na cha 1968 kikapata mbili. Hata kwetu limetokea. Katika mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, watu walikufa kwa homa ya kutokwa damu. Mlipuko mkubwa ulikuwa wa Homa ya Bonde la Ufa, lakini kwa baadhi ya wagonjwa kilipatikana kirusi kingine, kikaitwa Garissa. Kina nyuzi tatu: mbili zilikuwa za Bunyamwera, kirusi kilichopatikana kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1943 kwenye mbu, na ya tatu ilikuja kutambuliwa kuwa ya kirusi kingine kabisa, Batai. Baadaye ikafahamika kwamba Garissa ndicho kilekile kilichokuwa kinaitwa Ngari.

Kirusi cha polio hakiwezi kugawana nyuzi nzima namna hiyo, kwa kuwa kina uzi mmoja tu. Kinachoweza ni kuunga ndani ya uzi. Kwa hiyo swali la kuiuliza kila chanjo ya polio ni moja: je, inakiachia kirusi nafasi ya kuunga, na ikiiacha, anayeumia ni nani?

Matone ya zamani

Haya ndiyo matone ya Albert Sabin, yenye kirusi hai kilichodhoofishwa. Sitaki mtu ayasome maelezo yangu akaondoka na dharau juu yake, kwa sababu yamefanya kazi ambayo hakuna chanjo nyingine ya polio iliyoifanya. Mwaka 1988 polio ilikuwa inapooza watu wapatao 350,000 kwa mwaka. Kirusi cha polio kina aina tatu. Kirusi cha asili, yaani kisichotokana na chanjo, cha aina ya 2 kilionekana kwa mara ya mwisho India mwaka 1999. Cha aina ya 3 kilionekana mara ya mwisho Nigeria mwaka 2012. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ikatangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Sehemu kubwa ya ushindi huo ilitoka katika vichupa vidogo vya matone, kwa bei ndogo, mikononi mwa watu ambao hawakuhitaji kujua kuchoma sindano.

Nguvu yake inatokana na uhai wake. Kirusi cha chanjo kinazaliana kwenye utumbo wa mtoto, na utumbo unajifunza kukizuia. Mtoto aliyepata matone hakingwi tu asipooze. Pia hageuki njia ya kupitishia polio kwa wengine. Kwa siku kadhaa anakitoa kirusi cha chanjo chooni, na jirani ambaye hakuchanjwa anaweza kukipata na kupata kinga bila kuombwa.

Udhaifu wake nao umekaa papo hapo. Unyonge wa kirusi cha Sabin cha aina ya 2 umeshikiliwa hasa na mabadiliko mawili: herufi moja sehemu ya mbele, katika nafasi ya 481, na jingine kwenye ganda. Herufi ile ya 481 inarudi ilivyokuwa ndani ya siku chache tu baada ya mtoto kumeza matone. Mahali ambapo watoto karibu wote wamechanjwa hilo halina madhara, maana kirusi kinakosa pa kwenda na kinafia njiani. Mahali ambapo wengi hawajachanjwa, kinapita kutoka utumbo hadi utumbo kwa miezi, na njiani kinakutana na wenzake.

Wenzake ni virusi vya entero vya kundi C, vikiwemo baadhi ya vile vinavyoitwa Coxsackie A. Ni ndugu wa karibu wa polio, vinaishi kwenye utumbo uleule, na vimejaa palipo na joto, msongamano na vyoo duni. Hapo ndipo mwandishi wetu wa utenzi anapoinua macho. Kirusi cha chanjo kinabaki na ganda lake la polio, kinaitupa sehemu ya nyuma na kuchukua ya ndugu yake. Mlipuko wa Haiti na Jamhuri ya Dominika wa 2000 na 2001 ulitokana na kirusi cha chanjo kilichoungwa namna hiyo. Madagascar, milipuko ya 2001 na 2002, kisha wa 2005, ilikuwa na virusi vilivyobeba vipande vya Coxsackie A. Tangu hapo imezoeleka: virusi vya chanjo vilivyogeuka na kuleta milipuko, vikisomwa herufi kwa herufi, vingi vinakutwa vina kiungo cha aina hii.

Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa aina ya 2 ya asili ilikuwa imekwisha, Aprili 2016 dunia nzima iliiondoa aina ya 2 katika matone ya kliniki. Hili ndilo wazazi wengi hawajaelezwa. Matone anayopata mtoto wako kliniki leo ni ya aina ya 1 na ya 3 tu. Kuhusu aina ya 2 hayamsaidii.

Kuiondoa hakukumaliza tatizo. Aina ya 2 iliyogeuka ilikuwa bado inazunguka sehemu fulani, na kila mlipuko ulipozuka ilibidi upigwe kwa matone ya aina ya 2 yaleyale ya Sabin, ambayo katika maeneo yenye watoto wengi wasiochanjwa yaliacha mbegu ya mlipuko mwingine. Mwaka 2020 peke yake watoto zaidi ya 1,000 walipooza kwa aina ya 2 iliyogeuka.

Sindano

Ndani ya sindano kirusi kimeuawa. Hakinakiliwi, kwa hiyo hakikosei, na hakiwezi kuungana na chochote. Ukiwa na hofu ya kuunga uzi peke yake, basi sindano imeshinda na mjadala umekwisha. Inakinga aina zote tatu, na damu ya mtoto aliyechomwa inakizuia kirusi kisifike kwenye neva.

Tatizo ni utumbo. Sindano inalinda mlango wa chumba cha ndani na kuacha uwanja wazi. Mtoto aliyepata sindano tu anaweza kumeza kirusi cha polio, akakizalisha tumboni, akakitoa chooni, naye mwenyewe akaendelea kucheza mpira bila homa. Israel ililiona hili mwaka 2013. Ilikuwa imetumia sindano pekee tangu 2005, watoto karibu wote wamechanjwa, na bado kirusi cha asili cha aina ya 1 kikaonekana katika maji taka, kuanzia mji wa Rahat, kikazunguka kwa miezi. Hakuna aliyepooza. Sindano ilikuwa imefanya kazi yake, ila kuufunga mzunguko kulihitaji matone, na wakayarudisha kwa kampeni.

Asiye na kinga anapokutana na kirusi kinachozunguka kimyakimya hivyo, hana bahati ya watoto wa Israel. Mwaka 2022, katika kaunti ya Rockland, jimbo la New York, kijana ambaye hakuchanjwa kabisa alipooza kwa kirusi cha aina ya 2 kilichotokana na chanjo ya matone. Marekani haikuwa imetumia matone tangu 2000. Kirusi kilisafiri, kikapita kwa watu ambao hakikuwaumiza, mpaka kikamfikia yeye.

Halafu kuna mambo ya kawaida ya kazi: sindano inataka mtu aliyesomea, inataka kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika, na kwa dozi inagharimu zaidi ya matone. Kampeni ya nyumba kwa nyumba kwa sindano inawezekana, lakini ni mzigo wa aina nyingine.

Matone mapya

Haya ndiyo niliyoyabeba mimi. Ni ya aina ya 2 peke yake, yana kirusi hai, na kwa mzazi hayana tofauti yoyote na yale ya zamani: matone mawili mdomoni, basi. Tofauti iko ndani ya uzi, na mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi za ufundi zilizofikiriwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuzisoma, kwa sababu waliounda walianza na tabia ya kirusi na kujenga juu yake.

Kwanza waliiandika upya ile sehemu dhaifu ya mbele. Katika Sabin ya zamani herufi moja ikirudi mahali pake, nguvu inarudi. Katika matone mapya herufi za eneo lile zimepangwa upya ili badiliko moja lisitoshe. Kirusi kinahitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja.

Hilo linashughulikia makosa ya kunakili. Lakini kirusi chenye uwezo wa kuunga uzi hakihitaji kusubiri makosa, kinaweza kuitupa sehemu yote ya mbele na kuchukua ya jirani yenye nguvu. Hapa ndipo penye akili. Uzi wa polio una kipande kidogo kilichojikunja kama kipini cha nywele, na bila kipande hicho kirusi hakiwezi kunakiliwa. Kwa kawaida kimekaa ndani kabisa, katika eneo linalotengeneza vifaa vya kazi. Wataalamu walikiharibu pale kilipo, wakaweka kipya huku mbele, kando ya ile sehemu iliyodhoofishwa. Sasa kirusi kikiitupa sehemu ya mbele ili kupata nguvu, kinatupa pamoja nayo kipande kinachokiwezesha kuzaa. Kimejifungia. Ili kiponyoke, lazima kiunge mara mbili katika sehemu mbili tofauti.

Kisha wakaigusa polimerasi yenyewe. Badiliko moja linaifanya ikosee mara chache zaidi. Jingine linaipunguzia ile hamu ya kurukia uzi wa pili. Mwandishi wa utenzi amefundishwa kutoinua macho.

Chanjo ilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa watu mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji. Kwa kuwa aina ya 2 hai ilikuwa imekwisha kuondolewa duniani, hawakuthubutu kuiachia hivihivi. Walijenga kijiji kidogo cha makontena kwenye eneo la kuegesha magari, wakakipa jina la Poliopolis, na watu 30 wa kujitolea, ambao utotoni walikuwa wamepata sindano tu, wakaishi humo kwa zamu katika makundi mawili, kila kundi kwa wiki nne, vinyesi vyao vikikusanywa na kupimwa. Novemba 2020 WHO iliruhusu itumike kwa dharura, ya kwanza kabisa kupitia utaratibu huo. Machi 2021 ikaanza kutumika kwenye milipuko, na Desemba 2023 ikapewa ithibati kamili. Dozi zilizokwisha kutolewa zimepita bilioni moja.

Je, inashindikana kabisa kwa kirusi hiki kugeuka? Hapana, na anayekuambia haiwezekani anakudanganya. Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto sita huko Kongo, katika majimbo ya Tanganyika na Kivu Kusini, na mmoja Burundi, walikuwa wamepooza kwa aina ya 2 iliyotokana na matone mapya. Uchunguzi wa herufi zake ulionyesha kirusi kimeungana na virusi vya entero vya kundi C. Mwaka huohuo mtoto mmoja wa mkoani Rukwa akapatikana na aina ya 2, na ndiyo sababu tulitumwa kwenye mikoa ya magharibi. Mtoto yule wa Burundi hakuwa amechanjwa. Mbinu zote za maabara zinapunguza uwezekano wa kuunga mara moja. Haziwezi kumaliza uwezekano wa kuunga mara mbili ikiwa kirusi kitapewa matumbo ya kutosha ya kupitia na muda wa kutosha. Ukilinganisha dozi kwa dozi, matone mapya yameleta milipuko michache mno kuliko yale ya Sabin ya aina ya 2. Ufa uliobaki unazibwa kwa kuwafikia watoto wote, na kwa njia hiyo tu.

Kwa nini London ilichagua sindano na sisi tukapewa matone

Swali hili niliulizwa na ndugu yangu anayeishi Uingereza, kwa uchungu kidogo: kwa nini watoto wa Wazungu wanapewa kilichokufa na wa kwetu wanapewa kilicho hai?

Mwaka 2022 kirusi cha aina ya 2 kilichotokana na chanjo kilipatikana katika maji taka ya kaskazini na mashariki mwa London. Watoto wote wa jiji wa mwaka 1 hadi 9 wakaitwa kupata dozi ya ziada, na ilikuwa ya sindano. Kule watoto wengi walikuwa na dozi za sindano tayari, vyoo vya maji viko kila nyumba, na kirusi kinapenya kwa shida. Katika hali hiyo kuongeza kinga ya damu kunaweza kutosha, na kuingiza kirusi hai cha aina ya 2 katika mji ambao hauna mzunguko mkubwa kungekuwa hatari isiyo na sababu.

Kwenye vijiji vya ziwani hali ni nyingine. Watoto wanaogelea na kuchota maji palepale, vyoo vingine vinafurika mvua ikinyesha, na wapo watoto ambao hawajawahi kufika kliniki. Kinachotakiwa ni kuufunga utumbo, upesi, kwa watoto wote wa kijiji katika siku nne. Sindano haifanyi hivyo. Nilimwambia ndugu yangu kwamba kama London ingekuwa na mazingira yetu ingehitaji matone, na Israel, yenye pesa na sindano za kutosha, ilirudi kwenye matone pale ilipobidi. Gaza mwaka 2024, mtoto wa miezi 10 alipopooza kwa aina ya 2, kampeni iliyofanyika ilikuwa ya matone haya mapya. Alinielewa, japo alisema angetamani kwanza vyoo. Namuunga mkono.

Kwa mtoto wako, basi

Kama uko Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi na hakuna mlipuko, usichague kati ya matone ya kliniki na sindano. Mpe vyote. Matone yanafunga utumbo dhidi ya aina ya 1 na ya 3. Sindano inaweka kinga ya damu dhidi ya zote, na kuhusu aina ya 2 ndiyo kinga pekee anayoipata kliniki. Mzazi anayesema "alipata matone, sindano ya nini kumliza mtoto" anamwacha wazi kwa aina ileile inayozua milipuko mingi kwetu.

Kama kampeni imepita na wachanjaji wanasema ni ya aina ya 2, yapokee matone mapya hata kama kadi imejaa. Sindano itamzuia asipooze, lakini kirusi bado kitapita ndani yake kwenda kwa mtoto wa jirani, na kila tumbo kinalopitia ni meza nyingine yenye daftari mbili. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto mwenye afya.

Kama unaishi Ulaya, Marekani au Ghuba na unamleta mtoto nyumbani likizo, hakikisha amekamilisha dozi zake kabla ya safari, na umuulize daktari kama anahitaji ya nyongeza. Ukikuta kampeni huku, naye apewe.

Wapo wachache ambao matone hai hayawafai: watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga ya mwili. Mwili wao hauwezi kukiondoa kirusi cha chanjo, wanaweza kukibeba kwa miezi au miaka, na kwao sindano ndiyo chanjo. Ukijua mtoto wako yuko hivyo, sema mapema kabla kichupa hakijafunguliwa. Na ile hofu ya matone ya zamani kumpooza mtoto aliyeyapata ni ya kweli lakini ni adimu sana, takribani mara moja katika dozi milioni 2.7.

Mlangoni, omba kuona kichupa. Kwenye lebo yake kuna duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukiwa umefanana na duara au umekuwa mweusi zaidi, kikatae, na mchanjaji aliyefundishwa vizuri atakishukuru kidole chako kilichoonyesha. Bibi yule wa ziwani alikishika kichupa akakigeuza mara mbili kwenye jua, akauliza mraba uko wapi, akauona, ndipo akaifunua kanga. Mjukuu alipata matone yake mawili, akakunja uso, akapakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nikamwambia tutarudi baada ya kama wiki nne na matone yaleyale, kwa sababu dozi moja haiwafungi watoto wote. Akasema tukija tupitie pia nyumba ya nyuma, kule kwenye migomba, kuna mapacha ambao mama yao huwa shambani tangu alfajiri. Hawakuwemo kwenye daftari letu.